Samsoni wa Mlalo na Blanketi la Pembe Sita

Tulieni, enyi watu wa milima ya Usambara, mliozaliwa ndani ya ukungu na kunyonya baridi pamoja na maziwa! Wekeni chini majembe, epueni vyungu motoni, maana nawasimulia vita vilivyopiganwa Mlalo mwezi wa Julai, mwaka wa arobaini na saba, vita ambavyo havikumwaga damu isipokuwa matone matatu, yote ya kidole gumba. Shujaa wake ni Samsoni, Samsoni wa mguu mmoja mzima, Samsoni aliyevuka bahari akarudi, mwenye sindano kali na subana ya shaba kidoleni, bwana wa vipande mia mbili na kumi na saba.

Vipande gani? Vitambaa vya pembe sita, kila kimoja kipana kama kiganja cha mtoto. Alipolala hospitali ya askari huko Bara Hindi, mguu umevunjwa na risasi ya Burma, muuguzi mmoja alimfundisha kazi hiyo ili mawazo yasimuue: kata karatasi ya pembe sita, ifunike kwa kitambaa, kishikize kwa bandi, mishono mirefu ya muda, kisha kishone kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, mpaka liwe blanketi. Akashona khaki ya sare kuukuu na samawati ya nguo za wagonjwa, akaapa: nikipona, nikioa, nikizaa, mtoto wangu wa kwanza atatolewa nje ndani ya blanketi hili. Mungu akampa yote matatu. Lililobaki lilikuwa blanketi lenyewe.

Sasa Kibibi, mkewe, alikuwa amejifungua binti, na Jumapili ndiyo siku ya kumtoa mtoto nje, alione jua na ukoo umwone. Lakini ndani ya nyumba ilisimama ngome isiyobomoka: Dorkasi, mama yake Kibibi, aliyepanda milima kutoka Mlola na kanga mpya nyekundu kifuani, akiwa amekata shauri kwamba mjukuu wake atatoka ndani ya kanga hiyo, liwalo na liwe.

Na mjue kwamba katika nyumba ile mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani ana kwa ana. Kwa hiyo mashambulizi yote yalipitia kwa mbuzi aliyefungwa mlangoni.

"Ewe mbuzi!" Dorkasi alinguruma Jumamosi asubuhi kutoka ndani. "Tangu lini mwanamume akashinda barazani na matambara, wenzake wako shambani? Muulize huyo bwana."

"Ewe mbuzi," akajibu Samsoni, kichwa ameinamisha kwa adabu, "mpelekee mama shikamoo yangu. Kisha mwambie, Mjapani hakunirudisha nyuma, sembuse kanga."

"Marahaba. Mwambie Mjapani hakuwa na mjukuu humu ndani."

Akapita Eliudi, jirani, mzigo wa kuni begani. "Samsoni! Ukimaliza hilo, suruali yangu nayo inakungoja. Imetoboka pabaya."

"Pita zako, Eliudi. Historia inashonwa hapa."

Ikashonwa kweli. Jua lilipokuwa utosini, kipande cha mia mbili na kumi na saba kilisalimu amri. Tayari wenzake wote walikuwa wameshonewa mgongo wa blanketi la jeshi; Samsoni akaziba upindo wa mwisho, akakata uzi kwa meno, akanyoosha mikono mbele ya mlango kama mtu anayekabidhi funguo za mji. Kibibi akalipokea, akamfunika mwanawe.

Lo! Blanketi lilichakarika kama majani makavu ya migomba yanayokanyagwa na ng'ombe. Mtoto akashtuka, akalia. Kila alipojitupa likachakarika zaidi, na kila lilipochakarika akalia zaidi.

"Mbuzi," alisema Dorkasi, "huyo bwana amemfunika mjukuu wangu shamba la mahindi makavu."

Samsoni, ambaye mizinga haikumtikisa, aliweka sindano chini. Miaka mitatu alikuwa ameisikia sauti ile akidhani ndivyo blanketi la aina hiyo linavyosema. "Mwambie mama ameshinda," akanong'ona. "Kesho mtoto atoke ndani ya kanga."

Kisha vidole vya mwanamke aliyeshonea watoto tisa vikasikika vikipapasa upindo.

"Mbuzi, muulize, karatasi zimo bado?"

"Zimo."

"Zinafanya nini humo?"

"Nilifundishwa kuziingiza. Meli ilikuja kunichukua kabla sijafundishwa kuzitoa. Nikadhani ndiyo mifupa yake."

Dorkasi alicheka mpaka kuku wakatawanyika. "Bandi hutolewa, ewe mbuzi! Karatasi hutolewa! Leteni mkasi!"

Upindo ukafumuliwa. Blanketi likatandazwa juu ya kizingiti, nusu ndani, nusu barazani. Samsoni akavuta karatasi upande wake, Dorkasi upande wake, kila mmoja amegeuza uso, heshima haikuvunjwa hata kidogo. Kibibi, aliyesoma shule ya misheni, akaziokota karatasi akazitazama.

"Mama, zina jina lake. Samsoni. Homa, digrii mia na tatu."

"Na hii?"

"Mia na nne."

"Na hii?"

"Mia na nne na nusu."

Zilikuwa karatasi za kuandikia homa kwa vipimo vya Kiingereza, zilizotundikwa kitandani pake siku zile alipotazamiwa kufa; zilipojaa, muuguzi alimpa azikate. Mkono wa Dorkasi ulisimama juu ya kitambaa. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Ewe mbuzi. Mwambie mwanangu apumzishe mguu. Zilizobaki nitazitoa mimi."

"Mwambie mama," akasema Samsoni, "zimebaki sitini. Thelathini zake, thelathini zangu."

Jumapili, saa nne asubuhi, ukungu ukiwa umejitenga kwa heshima, Dorkasi alitoka mlangoni, kanga nyekundu kajifunga yeye mwenyewe, mjukuu mikononi ndani ya khaki na samawati. Vigelegele vikapaa hadi ng'ambo ya bonde. Eliudi akatega sikio karibu na blanketi, akangoja, hakusikia kitu. Mtoto alikuwa amelala.

Kisha, mbele ya ukoo wote, akiwa usingizini, akalilowesha blanketi. Vipande kumi na tisa, kwa hesabu ya walioshuhudia.

"Sasa limekwisha!" alitangaza Dorkasi. "Sasa ni blanketi!"

Watu wakashangilia, na Samsoni akasimama wima juu ya mguu wake mzima na ule mwingine pia. Falme zimeanzishwa kwa sherehe ndogo kuliko hiyo.