Ufunguo wa Kabati la Hadithi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mvua tangu alfajiri. Ilembo yote tope. Nimefika shule viatu nimevishika mkononi, wanafunzi wananiamkia huku wanatazama miguu yangu.

Habari kubwa ofisini. Mwalimu Mkuu, Mama Kasilda, katutangazia kwamba stoo ya zamani ya majembe itakuwa chumba cha kusomea. Kuna mtu alisoma hapa zamani, sasa mambo yamemnyookea, atatuletea vitabu sitini vya hadithi. Kwanza katuma boksi la vitabu ishirini vya kuonjea, vyote vya urafiki na maisha ya shule, kwa darasa la tatu na la nne. Tuchague vitano, yeye atanunua kumi na mbili vya kila aina. Sharti lake moja tu: viwafurahishe watoto. Mwalimu atakayechagua vizuri ndiye atakabidhiwa chumba.

Nilijua ni mimi. Nani mwingine? Ufunguo wa kabati la vitabu nimeuvaa shingoni miaka tisa, pamoja na rozari yangu. Miaka tisa hakijapotea kitabu, hakijachanika kitabu. Wakaguzi wakija nafungua, wanaona vinang'aa, wananipa mkono, nafunga. Vingine bado viko kwenye nailoni ya kiwandani.

Ndipo Mwalimu Romana akanyoosha mkono. Ana miezi mitano tu hapa, katokea Sitalike, hata hajajua kiti kipi cha ofisini kina mguu mbovu. Nimemwachia akikalie, atajua. Akauliza kama watoto wenyewe wanaweza kuvisoma kwanza kabla sisi hatujachagua. Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Mama Kasilda akasema hilo ni wazo zuri, na mimi na Romana kila mmoja alete orodha yake Ijumaa ya wiki ijayo.

Jioni nikamweleza mke wangu, Josefina, kwamba ufunguo uko hatarini. Akasema basi shingo itapumzika.

Jumanne, 4 Februari

Nimemaliza kuchagua. Dakika kumi na moja, bila kufungua kitabu hata kimoja. Uzoefu.

Nafasi ya kwanza: "Faida Kumi na Mbili za Rafiki Mwema". Kizito, jalada gumu, hakina picha za kupoteza muda. Ya pili: "Mwanafunzi Mwadilifu na Wenzake Wasio Waadilifu". Ya tatu: "Tuiheshimu Kengele". Viwili vya mwisho nimevichukua kwa sababu vinalingana urefu na hivyo vitatu. Kwenye rafu vitapendeza.

Nikapeleka "Faida" nyumbani, binti yangu akionje. Nyanzala yuko darasa la nne. Huyu mtoto ananipa mawazo. Tangu darasa la kwanza alikaa dawati moja na Rahel, wakiwa mapacha wa mama mbalimbali. Januari baba yake Rahel karudi Karema kuvua, kahamisha familia yote kwa siku moja. Tangu hapo Nyanzala ukimuuliza anajibu, usipomuuliza hasemi. Kucheka ndiyo kabisa. Nikaona kitabu cha faida za rafiki ndiyo dawa yenyewe.

Kafika faida ya tatu, kalala. Saa kumi jioni, shavu juu ya kitabu. Nimeandika kwenye orodha: kinatuliza.

Alhamisi, 6 Februari

Nimempeleleza Romana. Nilishika ufagio, nikajifanya nakagua buibui kwenye veranda ya darasa la nne.

Kawagawia watoto vitabu, watatu kitabu kimoja. Kawaambia hakutakuwa na maswali. Kawaambia kitabu kikikuchosha, rudisha mezani, chukua kingine. Nilitaka kuingia nimzuie. Mimi nilivyolelewa, kitabu kikikuchosha ndicho unachotakiwa kukimaliza.

Halafu nikasikia kimya.

Niseme ukweli, maana hapa naandika peke yangu. Kimya cha darasa la nne nakijua cha aina mbili, cha fimbo na cha uji. Hiki sikuwahi kukisikia. Watoto karibu sitini na hakuna anayemtazama mwalimu. Hakuna anayetazama dirishani, na mimi nimesimama dirishani na ufagio. Wako mahali pengine, na hapo walipo hawapo. Mara dawati la mbele likacheka, wote watatu kwa pamoja, na dawati la nyuma likainua shingo kutaka kujua kuna nini. Nywele za mikono zikanisimama. Nikaona haya, kama mtu aliyeingia kanisani na kofia.

Kisha nikaona mtoto mmoja anafunua ukurasa kwa vidole vilivyotoka kula dagaa. Nikashtuka, buibui wakaanguka. Lakini hapohapo nikapata wazo.

Jumatatu, 10 Februari

Vitabu vimerudi kwangu kukaguliwa. Ninafuata kanuni yangu ya siku zote: kitabu kizuri utakijua kwa usafi wake. "Faida Kumi na Mbili" kimerudi bila alama ya kidole. Kimeshinda wazi.

Vingine vina alama mbili tatu. Lakini kipo kimoja, "Dawati la Watu Wawili", chembamba hivi, kimerudi kama kimepigana na mbwa. Jalada limelegea, pembe zimekunjwa, kinanuka soko la Kashaulili lote. Nikakishika kwa ncha za vidole. Furaha niliyoipata sikuitegemea.

Mpango: kesho naandika Taarifa ya Uharibifu, ukurasa kwa ukurasa. Ijumaa naisoma mbele ya wote. Mwalimu anayeacha kitabu kifike hali hii atapewa chumba kizima? Romana kwisha habari yake.

Jumanne, 11 Februari

Nimekaa stoo baada ya vipindi. Nanakili hapa taarifa yenyewe.

Uk. 1: vidole vitano, tope.

Uk. 4: mafuta, nadhani dagaa.

Uk. 7: ganda la karanga limebanwa katikati. Ili nijue mtoto alikuwa anafanya nini hapo, ilibidi nisome. Wasichana wawili, Tabu na Sikujua, wamewekwa dawati moja na hawapatani. Wamechora mstari wa chaki katikati. Kiwiko kikivuka, kinapigwa rula.

Uk. 12: pembe imekunjwa mara nne. Hawasemeshani siku ya tatu, lakini wana penseli moja tu. Wanaipitisha juu ya mstari bila kutazamana. Hapa nilicheka. Kucheka si uharibifu, nimelifuta neno hilo.

Uk. 15: jina la mtoto limeandikwa pembeni, likafutwa kwa mate.

Uk. 19: matone. Nilidhani mvua, ila mvua haichagui ukurasa mmoja. Sikujua kahama. Hakuaga, lori liliondoka kabla ya kengele. Tabu kila asubuhi anapangusa nusu ya dawati isiyo yake, halafu anakaa kwenye yake.

Uk. 23: tone moja, bado bichi. Hili ni langu.

Uk. 24 hadi 32: sikuandika kitu. Nilisahau kutazama.

Nina miaka arobaini na saba. Watoto niliowafundisha kusoma wengine sasa wana watoto. Nami leo ndiyo nimesoma hadithi mpaka mwisho, tena kwa kutafuta madoa. Sikujua. Walahi sikujua kwamba kitu chembamba hivi kinaweza kumshika mtu shati kikamkalisha. Nilimkumbuka Issa, tuliyekaa naye dawati moja kule Mpimbwe. Alikata penseli yake kwa meno akanipa nusu yenye kifutio. Miaka mingapi sijalitaja jina lake.

Nilipotoka nje mvua imekatika na sikujua saa ngapi ilikatika.

Jumatano, 12 Februari

Wakati wa chakula nimemuuliza Nyanzala, kiujanja, ni nani aliyedondosha matone ukurasa wa kumi na tisa. Akasema ni yeye. Akasema na wengine wanane, ila yeye alikuwa wa kwanza. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kusimulia. Mstari, penseli, lori, yote. Mikono inaruka. Josefina kaacha mwiko ndani ya sufuria. Sauti ya mtoto wangu nilikuwa nimeisahau inavyopanda ikifika pazuri. Nikafurahi mpaka nikasahau sahani yangu.

Alipomaliza, Josefina akaniuliza kama kitabu hicho kipo kwenye orodha yangu. Nikasema hakipo. Akanitazama. Nikamweleza taratibu: kikikataliwa kwa uharibifu hakinunuliwi, kisiponunuliwa hiki kimoja kinabaki kabatini, na kabati ni langu. Nitakuwa nacho peke yangu, kila mapumziko.

Josefina akasema siku Mungu anagawa akili mimi nilikuwa nimeenda kununua kufuli. Wivu.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeshinda. Sijui nimeshindaje.

Romana kaanza. Katoa vitabu vitano, "Dawati" cha kwanza. Sababu zake fupi: hapa walicheka, hapa waligombania. Nikatabasamu. Nikasimama, nikasoma orodha yangu kwa sauti ya injili. Kisha nikatoa Taarifa ya Uharibifu.

Nikasoma tope. Nikasoma dagaa. Nikasoma karanga na maelezo yake. Walimu wakaanza kusogeza viti karibu, nikajua dawa imeingia. Ukurasa wa kumi na tisa, Mama Kasilda akaniomba nirudie. Nikarudia kwa uchungu. Nikaendelea na moto uleule mpaka nikajisikia nasema mbele ya walimu wote: uk. 23, tone moja, bado bichi, hili ni langu.

Nilikuwa nimesahau kulifuta.

Mama Kasilda akavua miwani. Akasema ameongoza shule tatu na hajawahi kuona mwalimu akifuata nyayo za wasomaji wake ukurasa kwa ukurasa namna ile. Akasema kitabu safi ni kitabu ambacho hakuna aliyekigusa, na Mwalimu Telesphor, yaani mimi, ndiye peke yake aliyewaza kutumia madoa kupima furaha. Nikainamisha kichwa. Ilionekana ndiyo heshima.

Romana akasimama. Nikajiandaa. Akasema yeye alikuwa anabahatisha kwa kusikiliza vicheko tu, chumba nipewe mimi, naye atakuwa msaidizi wangu. Nilitafuta kejeli usoni mwake. Alikuwa anafuta machozi kwa kanga.

Wamechukua vitabu vitano vya Romana, "Dawati" cha kwanza. "Faida Kumi na Mbili" kimewekwa chini ya kile kiti chenye mguu mbovu. Sasa hakiyumbi kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Vimefika! Sitini. Nimefungua boksi mwenyewe. "Dawati la Watu Wawili" kumi na mbili, vipya, vinanuka wino. Nimevishika kimoja kimoja, nimevinusa, sioni haya kusema.

Na ndipo nikawaza vidole vya dagaa.

Kitu cha thamani hivi hakiachwi ovyo. Nimevivisha vyote karatasi ya kaki, juu yake nailoni, nikavipanga kabatini ndani ya chumba cha kusomea. Nimeenda Kashaulili nikapata kufuli la kufungia magodauni ya mpunga. Nimebandika utaratibu mlangoni: mtoto aandike barua ya maombi, ipite kwa kiranja, mikono ikaguliwe, aeleze sababu.

Romana kauliza, kwa upole wake ule, chumba kitafunguliwa lini. Nikamwambia chumba kiko wazi toka saa mbili, aone mwenyewe, mabenchi yapo. Vilivyofungwa ni vitabu tu.

Nyanzala naye kaja kuomba. Nikamwambia afuate utaratibu, baba hawezi kupendelea wa kwake. Akasema sawa, anakijua chote kichwani. Nikamsifu kwa kumbukumbu nzuri.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika bado nimeduwaa.

Mapumziko ya saa nne nilipita darasa la tatu. Darasa hilo halijawahi kukishika kitabu kile, sijapokea barua hata moja. Nikakuta madawati yote yamechorwa mstari wa chaki katikati. Watoto wanapitishiana penseli juu ya mstari bila kutazamana, wanakufa kwa kicheko. Ukurasa wa kumi na mbili, neno kwa neno.

Nikakimbilia darasa la nne. Nyanzala hakai peke yake tena. Kuna msichana mgeni, Jeniffer, kahamia toka Tabora wiki hii, kawekwa nusu ya Rahel. Binti yangu anamsimulia, na nyuma yao wamesimama wengine kama ishirini. Alipofika lori, Jeniffer akafunika uso. Nyanzala akachukua kona ya sketi yake, akapangusa nusu ya dawati ya mwenzake, taratibu, halafu wakatazamana wakaanza kucheka wote wawili. Mtoto wangu anacheka. Tangu Januari sijakisikia kicheko hicho. Nilishika dirisha, nikashika rozari, nikamshukuru Mungu kwa sauti, na sikujali nani ananiona.

Kisha nikakumbuka kazi yangu, nikaenda mbio kabatini.

Kufuli zima. Bawaba nzima. Nikahesabu: kumi na mbili. Nailoni hazijaguswa. Nikafungua kimoja kuangalia kama kuna kilichopungua ndani, nikaanza ukurasa wa kwanza. Nikakagua mpaka mwisho. Ukurasa wa ishirini na tatu nimeukagua mara tatu. Maneno yote yapo.

Hakijatoka kitabu hata kimoja, na hadithi iko shule nzima. Wizi wa namna hii katika miaka tisa sijauona. Sijui wamepitia wapi. Nimesimama mbele ya lile kabati mpaka kengele ikalia, nimevua kofia.

Kesho baada ya vipindi narudi Kashaulili. Nimeambiwa kuna kufuli kubwa zaidi.