Ngamia wa Ziada wa Mzee Warfa

Jumatatu, 3 Novemba

Hanad amerudi kutoka Nairobi. Hanad mtoto wa mama mdogo, Hanad wa diploma, Hanad ambaye kila harusi lazima atajwe. Amefungua duka la ufundi mkabala na langu. Mkabala kabisa! Garissa yote hii hakuona pengine? Eti alitaka kuwa karibu na ndugu. Ndugu gani huyo anayekutundikia kibao cha taa usoni? Changu nimekiandika kwa mkono: DEKOW FUNDI REDIO. Herufi ya mwisho ilikosa nafasi, ikapanda ukutani.

Hooyo, mama yangu, alipika anjera, akampa Hanad kwanza. Chai ya Hanad akaikoroga mwenyewe, sukari tele. Mimi niliambiwa sukari iko pale. Wallahi sina wivu. Naandika tu yaliyotokea.

La maana: Mzee Warfa, tajiri wa ngamia, anatafuta fundi. Ngamia wake wamefungwa mikanda ya redio shingoni, kila mkanda na masafa yake ya mawimbi. Anataka mashine ya kunasa mawimbi hayo ngamia wakiwa mbali malishoni. Atakayeiweza atasimamisha milingoti yote ya antena: Hulugho, Buna, mpaka Rhamu. Kazi hiyo ni yangu. Nilikuwa natengeneza redio za mji huu Hanad bado anaogopa swichi.

Jumanne, 4 Novemba

Adhuhuri Hanad alikwenda msikitini, akaacha duka wazi. (Mimi nilikuwa na udhuru. Nitailipa hiyo sala.) Nikaingia, nikaipiga picha amplifaya yake ya kukuza mawimbi ya ngamia. Kadude kadogo! Tena mguuni mwa transista ameweka rezista ya kuipunguzia nguvu. Kuipunguzia! Nilicheka peke yangu njia nzima, na njia yenyewe ni kuvuka barabara tu.

Jioni nikamchokonoa kwa ujanja. Haikuhitaji ujanja. Alinieleza kila kitu bila kuficha, jambo lililonikera zaidi. Alisema mawimbi ya kasi yana tabu yake: ngamia wa karibu anapiga kelele, wa mbali ananong'ona, na transista iliyoachwa huru huyapinda. Mawili yenye nguvu yakipindwa pamoja huzaa la tatu, ambalo hakuna mkanda uliolituma. Kwa hiyo yeye anakubali kupoteza nguvu kidogo ili kinachotoka kifuate kilichoingia, mstari ulionyooka. Nikamwambia masha Allah. Moyoni nikasema huyu ni mwoga mwenye cheti.

Nimenakili kazi yake yote. Ile rezista kwenye yangu nimeing'oa, nikaunga waya mtupu.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku yangu!

Majaribio yalifanyika juu ya paa la ghala la Mzee Warfa. Hanad alianza. Skrini yake ikaonyesha vijiti vichache vyembamba, kila ngamia kijiti chake. Mzee akavitazama, akaitikia kwa kichwa. Hakusema ni wangapi, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Ngamia wa mtu hawahesabiwi kwa sauti. Jicho ni baya.

Nikawasha yangu. Vijiti kibao! Virefu! Skrini ilijaa. Mzee akasogea karibu, akauliza hawa wengine ni nani.

Sikujua. Lakini nilimwona Hanad anafungua mdomo, na mdomo wa Hanad ukifunguka, wangu hutangulia. Nikasema: adeer, mzee wangu, si ndio wale waliopotea kiangazi!

Mzee akakaa chini hapo hapo juu ya paa. Kiangazi kile kundi lake moja lilitawanyika upande wa Hulugho, mikanda shingoni, lisionekane tena. Alikuwemo jike mweupe ambaye Mzee aliachiwa urithi na mama yake. Aliuliza kama mweupe yumo. Nikamwonyesha kijiti kirefu kuliko vyote vipya. Akalia, mtu mzima yule, akanishika kichwa akaniombea dua. Hanad akaanza habari zake za kupindika. Mzee akamwambia anyamaze, hasidi hana sababu.

Hasidi! Hanad! Habari ilimfikia Hooyo kabla ya Magharibi. Leo nimekorogewa chai.

Ijumaa, 7 Novemba

Mzee amechinja mbuzi kwa heshima yangu. Wachungaji wameondoka na gari kwenda kuwaleta ngamia. Waliniuliza upande gani. Antena haisemi upande, lakini watu walikuwa wanatazama, nikanyoosha mkono kule nilikokuwa nimeelekea.

Hanad alikaa dukani peke yake chini ya kibao chake cha taa. Hakuna mteja hata wa betri. Nilifurahi mpaka nikaona haya kidogo. Kisha nyama ikaletwa.

Jumapili, 9 Novemba

Balaa.

Wachungaji wamerudi na vumbi tu. Gari lilizama mchangani, maji yakawaishia, wakarudi midomo imepasuka. Mzee hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliniuliza tu kama yule mweupe bado yu hai. Nikasema huenda wanatembea. Akaagiza mashine iwashwe tena.

Vijiti vilikuwepo vyote. Nikapumua. Hanad akaomba ruhusa, akachomeka kifaa cha kupunguza mawimbi kati ya antena na mashine yangu. Alimweleza Mzee kwa upole: ngamia wa kweli akipunguzwa atafifia kidogo, wa uongo ataanguka upesi, maana hana mkanda, amezaliwa na kelele za wenzake ndani ya mashine. Akazungusha kitufe.

Wa kweli wakafupika, wakabaki. Waliopotea wakapotea upya, mmoja mmoja, Mzee akitazama. Hata kijiti cha mweupe kikazama, na Mzee akaweka kidole kwenye skrini pale kilipokuwa. Kisha akashuka ngazi bila kuaga.

Kazi amepewa Hanad. Na kwa ubaya wa roho yake, hakucheka! Alinipa pole, akasema nikitaka twende wote tukasimamishe milingoti, anahitaji mtu anayejua kuunga. Akushinde, halafu akuonee huruma! Nikamwambia nina shughuli nyingi.

Jumatano, 12 Novemba

Sina shughuli yoyote. Hanad ameondoka kwenda Hulugho. Hooyo amemfungia nyirinyiri za safari, nyama ile kavu anayosema kwangu imekwisha.

Nimetafakari sana kosa langu, kwa unyenyekevu. Nimeligundua: niliruhusu majaribio yafanyike mbele ya Hanad. Ni hilo tu. Mashine haina neno. Nimeiongezea transista ya pili.

Mchana akaja mgeni kutoka Rhamu, jina lake Abdirizak. Punda wake walipotea mto Daua ulipofurika. Amesikia sokoni kwamba Garissa kuna fundi mwenye mashine inayoona wanyama wasioonekana na mtu mwingine yeyote. Mwisho wa habari hakuusikia, nami si mtu wa kumvunja mgeni moyo. Nikamuuliza kama punda walikuwa na mikanda ya redio. Hawakuwa nayo. Nikamwambia hilo si tatizo, aje na lori kubwa.

Wacha Hanad ajivune huko Hulugho. Mashine yake inaonyesha ngamia waliopo tu. Waliopo hata mimi nawaona.