Pointi za Nepi

Jumatatu, 3 Machi
Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu, amenunua mashine ya kufulia. Alipiga simu kutuarifu. Akapiga tena ili tuisikie inavyozunguka. Mke wangu aliweka spika, akasikiliza mpaka nguo zikakamuliwa. Aliponitazama, nikatazama dari.

Jioni, habari njema! Supamaketi ya mtaani itatoa mashine kama hiyo kwa mteja mwenye pointi nyingi kwenye kadi yake. Nimechukua kadi. Nimesajili kwa namba ya mke wangu, simu yangu haikuwa na chaji. Tatizo dogo: ili upate pointi, lazima ununue vitu.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kupeleleza. Makeshia wameondolewa karibu wote, zimewekwa mashine za kujilipia. Mashine ina sauti ya kike, ya upole, na haimwamini mtu. Ilitaka niweke vitunguu kwenye mizani. Nikaweka. Ikataka niondoe kitu kisichotambulika. Kitu kisichotambulika kilikuwa mkono wangu. Taa nyekundu! Msimamizi, dada mwenye funguo shingoni, akaja, akabonyeza, akaenda zake bila kunitazama usoni.

Nyuma yangu watu walikuwa wamekata tamaa. Mzee mmoja aliiamkia mashine kwa heshima zote, akasubiri ijibu.

Hapo akili ikanijia.

Jumatano, 5 Machi
Shati jeupe, tai. Nimesimama kando ya mashine, mikono nyuma. Ukivaa tai hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Nawasaidia wateja kuskani vitu vyao, na kabla hawajalipa naiskani kadi yangu. Pi! Hawana kadi, hawapotezi chochote. Wananishukuru, hata.

Mteja wangu bora ni mama mmoja kijana mwenye mapacha wachanga. Nepi, maziwa ya kopo, nepi tena. Mashine ilipomgomea alitaka kulia. Nilimtuliza.

Dada wa funguo aliniuliza nimetumwa na nani. Nilisema nawapenda wateja tu. Alisema basi nisaidie na upande wa pili, yeye ana miguu miwili tu.

Ijumaa, 7 Machi
Pointi zinapanda! Mama mapacha amekuja tena. Nimempigia mwanyumba kumuuliza, kwa nia njema kabisa, kama mashine yake ni ya muundo wa zamani.

Mke wangu hakuzungumza wakati wa chakula. Kachoka, nadhani.

Jumamosi, 8 Machi
Hakuchoka. Supamaketi imekuwa ikimtumia meseji. Ya kwanza ilimpongeza kwa kujifungua. Ya pili ilimpa punguzo la maziwa ya kopo. Ya tatu ilimshauri ahamie nepi kubwa zaidi, kwa kuwa watoto wanakua vizuri. Mtoto wetu wa mwisho ananyoa ndevu.

Aliniuliza watoto ni wa nani. Nikasema mashine imekosea. Akasema mashine ndiyo pekee inayomwambia ukweli humu ndani.

Nilipiga hesabu. Nikisema ukweli, mimi ni mwizi. Nikinyamaza, mimi ni baba. Nikaomba muda wa kufikiri. Kosa kubwa! Mama mkwe alifika kabla ya magharibi, na begi.

Jumapili, 9 Machi
Nimepelekwa supamaketi. Mke kulia, mama mkwe kushoto. Mama mapacha akaniona toka kwenye nyanya, akapaza sauti: “Baba huyu hapa! Bila yeye, sijui wanangu wangevaa nini!”

Mama mkwe akavaa miwani. Akainama kwenye kigari cha watoto, akachunguza masikio yao, kisha yangu. Nikatazama na mimi. Kusema kweli, yanafanana.

Jasho! Nikamsihi dada wa funguo afungue picha za kamera. Meneja akaitwa. Tukasimama wote mbele ya skrini: nepi za mtu, kadi yangu, mfukoni. Chakula cha mbwa cha mtu, kadi yangu, mfukoni. Meneja akasema huu ni wizi. Nikasema ndiyo, wizi kabisa! Nikampa mkono. Sijawahi kufurahi hivyo kuitwa mwizi.

Kadi imefutwa. Pointi zote kapewa mama mapacha. Mke wangu alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele. Kisha akaacha kucheka. Akasema angefua kwa mikono maisha yake yote kuliko kulala tena kama alivyolala jana. Nikabeba begi la mama mkwe hadi kituoni.

Jumanne, 11 Machi
Mke wangu ameanza kunisemesha. Leo amenifahamisha kuwa chumvi imekwisha.

Nilipokuwa nanunua chumvi nikaona supamaketi mpya ng’ambo ya barabara. Vigari vyao vinaskani vyenyewe, watu wanahangaika navyo kweli kweli. Zawadi: friza!

Safari hii nimekuwa makini. Namba ya mke wangu sikuitumia. Nimesajili kadi kwa namba ya mama mkwe, mtu mzima, mcha Mungu, hana habari na meseji. Na nepi sigusi tena. Nimeanza na bwana mmoja anayeandaa sherehe. Kigari kizima cha pombe kali. Pi! Pi! Pi!