Wafanyakazi Wanne wa Zacharie

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mifereji, na Zacharie aliisoma akiwa amesimama juani kana kwamba anasoma barua ya mjomba aliyemwachia urithi. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuandaa mishahara, anayejua kompyuta vizuri. Malipo: dola mia moja kwa wiki mbili.

Zacharie alijua kompyuta kwa uzito tu. Mwaka uliotangulia, siku zile Bunia ilipoporwa mtaa kwa mtaa, alibeba moja kichwani kutoka barabara kubwa hadi Mudzipela, na tangu hapo aliamini kwamba yeye na chombo hicho wanafahamiana. Kabla ya hapo alikuwa na kazi yenye heshima zake. Aliuza karatasi za kupitia vizuizi. Alikuwa na mihuri ya makundi yote yenye bunduki, kila mmoja umefungwa kwenye kitambaa chake, na hakuwahi kumtuma mteja kwenye kizuizi na muhuri wa adui. Tuseme ukweli, ni wafanyabiashara wachache waliokuwa waangalifu hivyo. Lakini sasa askari wa kofia za bluu walikuwa wameingia mjini, vizuizi vilipungua, na mihuri ikakauka. Huko Djugu risasi zilikuwa zinaendelea, na kila wiki watu walishuka na magodoro vichwani. Hao ndio waliopewa kazi ya kuchimba mifereji ya mji, kwa dola mbili kwa siku.

Aliingia, akapangusa viatu, akasalimia kwa Kifaransa.

"Unajuaka ordinateri?" aliuliza Fulgence, ingenieri wa mradi, bila kuinua macho kwenye ramani yake.

"Papa Ingenieri, miye na ordinateri tulikomaa kwa nyumba moya."

"Na tablo ya mishahara?"

"Nimefanya ya mapadri, nimefanya ya wachimba dhahabu wa Bambu. Bale ba Bambu balilia siku niliondoka."

Fulgence alikuwa mtu mwema aliyechoka, aina ya mtu anayeamini upesi ili arudi kwenye mifereji yake. Alimpa ufunguo.

Chumba chenyewe kilikuwa depo ya majembe. Upande mmoja meza, kompyuta na mashine ya kuchapisha. Upande mwingine majembe arobaini na moja ukutani, na mama mmoja mnene wa Butembo, Mama Kahindo, mwenye daftari la kuandika nani amechukua jembe asubuhi na nani amelirudisha jioni. Genereta ilipowashwa, kompyuta ilinguruma, ikafungua macho, ikamtazama Zacharie. Zacharie naye akaitazama.

Aliandika kwa vidole viwili. Hadi saa sita alikuwa ameyaweka majina yote arobaini na moja ndani ya kisanduku kimoja, moja baada ya jingine, kama sala ya watakatifu. Mistari mingine yote ya jedwali ilikuwa mitupu.

Mama Kahindo alimwekea kikombe cha chai na mikate miwili kwenye sahani. Hakucheka. Inafaa hilo likumbukwe, maana kucheka kungekuwa rahisi.

"Mutoto yangu," alisema, "kila mutu anapenda kulala kwa kitanda yake. Mupe kila moya mustari yake."

"Nilikuwa napima mashine tu, Mama."

"Njo vile. Sasa imepimika. Jina hapa. Siku alizotumika, hapa pembeni, tuseme kumi na mbili. Bei ya siku, hapa. Na hapa mwisho, usipige hesabu kwa kichwa. Andika alama ya sawasawa, kisha umwambie azidishe hii na hii. Bila ile alama, anafikiri unamwandikia barua."

Zacharie aliandika alama ya sawasawa, akagusa hiki na kile, akabonyeza. Ishirini na nne ikatokea peke yake. Mama Kahindo akamwonyesha jinsi ya kukamata pembe ya kisanduku na kuivuta hadi chini, na ishirini na nne zikashuka kama kuku wanaofuata mahindi. Zacharie, ambaye hakuwa ameshangaa tangu utoto, alishangaa.

"Umejifunza wapi haya, Mama?"

"Miaka makumi mbili nilipiga mashine kwa kampuni ya kahawa. Kisha paroki ikatufundisha ordinateri."

"Sasa kwa nini hawakukupa hii kazi?"

"Ingenieri aliona nashika ufunguo ya majembe. Hakuniuliza kitu ingine." Akampa mkate wa tatu.

Kwa siku kadhaa Zacharie alikuwa mwanafunzi mzuri. Lakini mtu aliyezoea kazi fulani huiona kila mahali, na siku ya kumi akaiona kwenye jedwali. Pesa zitakazoletwa kutoka makao makuu ya mradi, Goma, zilijulikana: dola elfu moja na sitini na mbili. Arobaini kati ya wachimbaji wangetimiza siku kumi na mbili kamili. Espérance peke yake, mstari wa mwisho kabisa wa jedwali, aliyeshikwa na malaria, alifanya siku moja. Na mia moja ni ya Zacharie mwenyewe. Kuongeza hata dola moja hakuwezekani, Fulgence angeiona kwenye jumla. Lakini ndani ya jumla, nani atachungulia?

Akakata siku tatu kwa kila mmoja wa wale arobaini. Mvua, akajiambia. Siku za mvua mtu hachimbi, anasimama tu. Ilikuwa imenyesha mara moja, alfajiri, watu wakiwa bado kwenye mahema. Kila ishirini na nne ikawa kumi na nane, na zikapatikana dola mia mbili na arobaini zisizo na mwenyewe. Akaziandikia wenyewe wanne: Kambale, Paluku, Sylvain na Yannick, wakubwa wa timu, dola sitini kila mmoja. Aliwaweka juu kabisa, chini ya jina lake, ili wasimpotee. Jumla ikabaki elfu moja sitini na mbili, sawa na mwanzo, na Zacharie akaitazama kwa upendo.

Wakubwa hao walihitaji vidole vya kupiga wino siku ya malipo. Alivipata mahali pa karata nyuma ya soko: rafiki zake wanne, vijeti vinne vya kazi vyenye majina hayo, makubaliano ya dola kumi kwa kila kidole. Zingebaki mia mbili. Zilitosha pikipiki hadi Kasenyi, mtumbwi wa injini hadi Uganda, na maisha mapya upande wa pili wa ziwa, ambako hakuna anayemjua.

Bibiane naye alikuwa na hesabu yake. Alikuwa mjane aliyekimbia kijiji cha Bule, mwenye wajukuu wawili chini ya karatasi ya plastiki karibu na uwanja wa ndege. Kila jioni aliporudisha jembe alimwita Zacharie mhasibu, kwa Kifaransa, na kuuliza swali lile lile.

"Comptable, ni ishirini na nne kabisa?"

"Mama, mashine njo inajua."

"Kwa sababu kuna chumba kwa mtaa wa Lumumba. Mwenyewe anataka ishirini na mbili ya mwezi mbele. Amesema anangoja mpaka Ijumaa tu. Mbili inayobaki nitanunua sabuni."

Zacharie alitazama skrini. Akaigeuza kidogo ili Bibiane asiisome, na kwa mtu mwenye uso mkavu kama wake hilo lilikuwa karibu sawa na kutubu. Karibu.

Alhamisi Mama Kahindo alisogeza kiti chake, akavaa miwani, akasoma jedwali pole pole kwa kidole.

"Hawa bane ba huku juu ni ba nani? Sijabaona kwa majembe."

"Ah, hao ni bakubwa. Bako na majembe yabo nyumbani."

"Aha." Alimmiminia chai. "Mutoto yangu, karatasi inaenda kesho. Leo bado ni leo. Kama kuna kitu cha kutengeneza, miye niko hapa, tutatengeneza pamoja. Hakuna mutu atajua."

"Hakuna kitu, Mama. Tablo iko safi."

"Muzuri." Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge. "Basi iko kitu kimoya tu. Mademoiselle wa Goma, ule analeta pesa, anataka majina kwa alfabeti. Iko fujo mingi pale kwa mustari wa kulipwa, batu banasukumana kama hawajui zamu yabo."

"Arobaini na sita? Niandike tena yote?"

"Hapana. Kamata majina, kisha bonyeza ile yenye A na Z."

Zacharie alikamata safu ya majina, kutoka juu hadi chini, akabonyeza. Kisanduku kidogo kikaruka katikati ya skrini. Kilimuuliza kwa Kifaransa kama apanue alichokamata, au aendelee nacho hivyo hivyo kilivyo.

Mtu mwenye wizi ndani ya jedwali hapendi kusikia neno kupanua.

"Inasema nipanue. Kupanua nini tena?"

"Miye niko mutu wa majembe," alisema Mama Kahindo, akihesabu mipini. "Njo weye comptable."

Akabonyeza aendelee hivyo hivyo. Majina yakaruka, yakajipanga: Ambroise, Annie, Bibiane, hadi Zacharie mwishoni. Alitazama jumla. Elfu moja sitini na mbili. Hakuna dola iliyokimbia. Genereta ilikuwa inakaribia kuzimwa, akachapisha, na Fulgence, ambaye naye aliangalia jumla tu, akatia sahihi akiwa amesimama na matope magotini.

Ijumaa Mademoiselle Élise alishuka na ndege ya Goma akiwa na begi, kisanduku cha wino na sauti ya mwalimu. Watu walijipanga. Rafiki wanne wa karata walikuwa kati yao, wamevaa kofia ili waonekane wakubwa. Zacharie alikaa pembeni ya meza.

"Ambroise!"

Muzee Ambroise akaja, suruali imekunjwa, tope la mfereji kwenye vifundo.

"Dola mia moja."

Muzee alitazama nyuma, kuona Ambroise mwingine yuko wapi. "Mademoiselle, miye niko wa jembe."

"Papa, karatasi imeandikwa na kusainiwa. Weka kidole."

"Annie! Dola sitini." Annie akapiga kelele ndogo. "Bibiane! Dola sitini."

Bibiane hakupiga kelele. Alishika zile noti kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike kidogo.

Zacharie alikuwa ameshasimama. Jasho lilimtoka mahali asipojua kwamba jasho hutoka.

"Mademoiselle, kuna kosa!"

Élise akaweka kalamu chini. "Kosa? Basi tunasimamisha. Mama wa depo alete daftari la majembe, nitapita mstari kwa mstari, jina kwa jina. Nina muda hadi kesho."

Watu wote walimtazama Zacharie. Nyuma kabisa Mama Kahindo alikuwa tayari ameinuka na daftari kifuani, na uso wake haukuwa na ubaya wowote.

"Hapana," alisema Zacharie taratibu. "Nimeangalia vibaya. Iko sawa."

"Umesema iko sawa?"

"Iko sawa kabisa."

Akakaa. Constant, sitini. Mwingine mmoja, sitini. Kisha kumi na nane, kumi na nane, kumi na nane. Espérance wa malaria, aliyekuja ameegemea dada yake, kumi na nane. Kambale, kumi na nane. Paluku, Sylvain, Yannick, kumi na nane. Mwisho wa yote:

"Zacharie! Dola mbili."

Aliweka kidole.

Nyuma ya ukuta rafiki zake walikuwa wanamngoja, kwa heshima ya urafiki, dakika moja.

"Tulisema kumi kwa sitini," alisema yule aliyekuwa Yannick. "Sitini haiko. Kwa kumi na nane hatukusemezana kitu."

"Nipeni hata nane nane!"

"Weye, tumesimama kwa jua masaa tatu. Hata kofia tulikodisha." Wakaenda zao.

Aliporudi depo kuchukua koti lake alikuta wachimbaji wote wamejaa ndani, akarudi hatua moja nyuma. Lakini hawakumgeukia. Walikuwa wanamtazama Mama Kahindo, aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini. Muzee Ambroise alikuwa wa kwanza kuweka mia yake kwenye kitenge kilichotandikwa. Bibiane akaweka sitini. Hakuna aliyewalazimisha. Espérance akaweka kumi na nane zake, akachukua mbili. Mama Kahindo aliita kila jina na siku zake, na kila mmoja wa wengine akatoka na ishirini na nne, kamili, kama majembe yalivyosema. Bibiane alizikunja ndani ya kilemba, akaondoka karibu akikimbia, kuelekea Lumumba.

Kwenye kitenge zikabaki dola ishirini na sita.

"Bia!" alisema Constant.

"Si zetu," alisema Muzee Ambroise. "Huyu kijana naye alikaa hapa siku kumi na mbili. Nilimuona. Hata kama sijui alikuwa anafanya nini."

Watu walinung'unika. Mmoja alisema apewe viboko ishirini na sita badala yake, na wazo hilo lilipata wafuasi. Mama Kahindo aliwaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akazikunja zile noti, akamwekea Zacharie mkononi na kumfunga vidole.

"Aksanti, Mama," alisema Zacharie, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa biashara. Alizihesabu mara tatu, akitafuta mtego.

"Pikipiki ya Kasenyi iko dola ngapi siku hizi?" aliuliza mama yule, akitundika jembe la mwisho.

Zacharie akashtuka. Hakuwa amemwambia mtu.

"Kumi, Mama."

"Haya. Basi unafika. Lakini kama Jumatatu uko bado hapa, njoo mapema, mbele genereta haijapata moto." Akazima taa, akatafuta ufunguo ndani ya kitenge. "Nitakuonyesha namna ya kupanga majina pamoja na pesa yabo."