Namba Moja ni Namba Moja

Jumatatu, 28 Julai 2025

Shule imetoa ripoti za gredi ya sita. Mtaa mzima umepagawa. Hakuna maksi juu ya mia. Hakuna wa ngapi katika watoto wangapi. Kila somo lina kinamba kimoja tu: 1, 2, 3 au 4. Basi! Wazazi wamesimama mbele ya duka langu la vinyago, Ndia Kuu hapa, wanazigeuzageuza karatasi zile kama hirizi zilizofunguka. Na muhula wa tatu unakuja mtihani wa serikali, nao matokeo yake ni ya mtindo huo huo.

Na wanamuuliza nani? Abdulhalim! Muuza madaftari wa duka linalonielekea. Mtu ambaye safari yake ndefu kabisa ni kuvuka Likoni, na hata huko alitapika. Anawaambia wangoje mkutano wa Ijumaa, mwalimu ataeleza. Kungoja! Mkutano huo huo ndio utakaochagua mwenyekiti wa wazazi wa gredi ya sita. Abdulhalim anakitaka kiti. Mimi nakitaka zaidi. Mjukuu wangu Hanin yumo gredi hiyo, na mimi ndiye ninayemlea.

Shauri limenijia nikinyoa ndevu. Nitafungua darasa la wazazi. Bure. Kesho!

Kweli, shule niliiachia darasa la tano. Lakini nimepika melini miaka kumi na tisa. Karachi nimefika. Rotterdam nimefika. Aliyesoma bandari, kitabu cha nini?

Jumanne, 29 Julai

Darasa limefurika! Watu kumi na saba, mabenchi mawili, birika la kahawa tungu, sinia ya mahamri niliyokaanga mwenyewe. Somo limechukua dakika tatu. Nimewaambia namba moja ni namba moja. Karachi ni namba moja, Rotterdam ni namba moja. Nani hapa amewahi kuona mbio ambazo kikombe anapewa wa nne? Wakatazamana. Kisha makofi.

Hanin akanivuta kanzu. Eti mwalimu amewaambia namba kubwa ndiyo bora. Nikamuuliza, mwalimu huyo amefika Karachi? Akasema hajui. Basi. Yeye mwenyewe ana tatu tupu, nikampongeza kwa medali ya shaba. Akanitazama kama daktari anayetafuta sindano.

Abdulhalim alikuwa amejibanza mlangoni, anajifanya anaangalia vinyago. Mjukuu wake Afaf ana moja, moja, mbili, moja, moja. Alipofahamu, uso ukamng'aa kama sufuria mpya. Miaka thelathini tunauziana maneno, leo ameniita ustadhi! Ameagiza ratili kumi za halua. Afaf amekula sahani mbili bila kutoa neno. Mtoto ana akili yule, sikatai.

Wa mwisho alikuwa Kanze, anayeuza viazi vya karai ubavuni mwa duka langu. Vidole bado vina bizari. Akanipa ripoti ya Stacy, bintiye. Nne. Nne. Nne. Nne. Nne.

Nikamwambia taratibu: mama, wa mwisho naye ni mwanafunzi. Kuna watu walikuwa wa mwisho darasani, leo wana maduka Ndia Kuu. Hakucheka.

Jumatano, 30 Julai

Jiko la Kanze halikuwaka leo. Alasiri amekuja, amejifunga kanga kwa nguvu, macho mekundu. Tangu mumewe afe anamsomesha Stacy peke yake, viazi kwa viazi. Anasema kama mtoto ni wa mwisho kila somo, hawezi kumpeleka mbele ya mtihani wa serikali akaaibike. Shule basi. Ijumaa, gari la saa tisa, Mariakani kwa shangazi yake, akajifunze ushoni. Stacy analia, ati yeye anataka kuwa rubani.

Rubani! Na nne tano! Nikaona huruma mpaka mbavu zikaniuma. Nikampa Kanze cherehani ya marehemu mke wangu. Ile ya kukanyaga kwa miguu, chuma tupu, watu wanne kuinyanyua. Nililia kidogo ilipotoka mlangoni. Marehemu angefurahi. Mkono wangu haujui kufumba.

(Na kura ya Kanze nayo ni kura.)

Alhamisi, 31 Julai

Wizi mchana kweupe! Abdulhalim amebandika karatasi dukani kwake: MOJA NDIYO JUU. Chini ameandika jina lake! Elimu yangu! Nilivuka ndia nikamwambia, yakhe, hata Karachi wezi wana haya. Akajibu kwamba namba moja haina mwenyewe, nile halua nitulie. Nikala. Sikutulia.

Nimeandika ubao mkubwa kuliko karatasi yake. Nilimwomba Hanin aniandikie kwa mwandiko mzuri, akakataa. Anasema hataki siku ya Ijumaa mwandiko wake utambuliwe. Watoto wa siku hizi hawana ari.

Ijumaa, 1 Agosti

Nianze wapi?

Mkutano umeanza saa nane, baada ya swala. Mimi safu ya mbele, kanzu ya Jeddah, mafuta ya oud shingoni. Mwalimu Tsuma, kijana mpole, akashika chaki. Nne: mtoto amezidi yaliyotarajiwa. Tatu: ameyafikia. Mbili: anayakaribia. Moja: yuko chini, anahitaji kushikwa mkono.

Darasa langu la Jumanne likanigeukia kwa pamoja kama feni. Chonga, fundi wa baiskeli, aliyemnyang'anya mwanawe simu kwa ajili ya nne mbili, akauliza kwa sauti simu inarudishwaje bila baba kuvunjiwa heshima. Abdulhalim alikuwa na halua mdomoni. Hakuitafuna, hakuitema.

Mwalimu akaendelea, Mungu ampe maisha marefu. Huu si ule mtihani wetu wa zamani wa kuchuja watoto. Hakuna anayefeli. Wote wanakwenda gredi ya saba. Namba ni ya kumwonyesha mzazi wapi asaidie, na kazi za darasani nazo zinahesabiwa pamoja na mtihani. Lo! Ukumbi mzima ulishusha pumzi, mapazia yakapepea. Abdulhalim aliuliza mara tatu: Afaf harudishwi nyuma? Harudishwi, mzee. Hata kidogo? Hata kidogo. Akanikumbatia huku machozi yanamtoka. Kisha akakumbuka, akanisukuma.

Mwalimu akaongeza jambo kuhusu gredi ya tisa: huko mna herufi na namba pembeni, na moja ndiyo iko juu ya mbili, kinyume cha hapa, tafadhali tusichanganye. Sikuyashika sana hayo, kwa sababu hapo hapo aliuliza mama Stacy ameketi wapi. Stacy ndiye mtoto pekee mwenye nne tupu.

Kanze!

Nilitoka bila viatu. Tuktuk ya Tom, kijana wa mtaani kwetu, ilikuwa langoni, nikarukia. Abdulhalim naye akarukia, hakualikwa, na sahani ya halua mkononi. Njia nzima ananiambia, ukimkosa mtoto yule, Hamid, wewe na Karachi yako mtakwenda kujibu mbele ya Mola. Nikamhimiza Tom aongeze mwendo.

Stendi tumefika saa tisa na robo. Gari limeondoka. Nikaketi juu ya tairi, nikashika kichwa.

Ndipo nikasikia sauti ya Kanze. Iko nyuma ya vibanda, inamtukana utingo ukoo hadi ukoo. Stacy ameketi juu ya cherehani, amekumbatia begi la shule. Magari matatu yamekataa mzigo! La kwanza limesema litavunjika sakafu. La pili limecheka. La tatu limewaambia wapande wao, chuma kibaki, na Kanze amejibu kwamba kitu cha marehemu hakiachwi barabarani.

Nikamweleza. Kabla sijafika kwenye neno la kwamba nimekosea, Abdulhalim akanisaidia kulisema. Akalisema mara mbili, kwa furaha.

Kanze akageuka. Akamuuliza Stacy, mwanangu, wewe ulijua? Stacy akasema amemwambia tangu Jumanne, lakini mama alisema Mzee Hamid amefika Karachi.

Kanze akavua kanga begani, akanichapa nayo. Si sana. Mara tatu. Kisha kicheko kikamshika, akaketi chini palepale akamvuta Stacy mapajani, mtoto mkubwa mzima, akambusu paji la uso, hawezi kuacha. Utingo naye akapewa halua.

Tumerudi kwa tuktuk mbili. Moja ya watu, moja ya cherehani.

Jumamosi, 2 Agosti

Mkutano uliahirishwa, umemalizika leo asubuhi. Mwenyekiti wa wazazi wa gredi ya sita: Kanze, kura zote! Yangu imo. Ya Abdulhalim imo. Yeye alisema angalau Kanze ana mtoto anayesoma ripoti sawasawa.

Cherehani anabaki nayo, atamshonea Stacy sare ya gredi ya saba. Jioni Stacy alikuwa benchini kwangu anamfundisha Afaf hesabu. Abdulhalim amewaletea madaftari mawili mapya, bure, na ameubandua ule ubao wangu akautupa. Karatasi yake ameibandua usiku, watu wasione.

Nimelala mchana kama mtoto mchanga. Moyo mweupe! Ukitazama vizuri, nani aliyeokoa masomo ya Stacy? Ningetoa zawadi nyepesi, saa hizi yuko Mariakani.

Jumapili, 3 Agosti

Jamaldin, fundi wa makufuli, amekuja na ripoti ya binti yake wa gredi ya tisa. Herufi mbili, na namba pembeni. Hafahamu lolote. Masikini, amekuja kwa mwenyewe! Elimu hii nimeilipia kwa jasho na kwa kuchapwa kanga. Nikamwambia sikiliza, ndugu yangu, namba kubwa ndiyo bora, watu wengi hukosea hapo.

Akatazama. Binti yake ana moja kila somo.

Nikamshika bega. Nikamwambia wa mwisho naye ni mwanafunzi. Hanin alikuwa anapita na kikombe, akakiangusha.

Jamaldin ameondoka kichwa chini. Cherehani nyingine sina, lakini nimemwambia kesho aje na watu sita, achukue kabati langu la msaji. Na saa kumi darasa la wazazi wa gredi ya tisa linafunguliwa. Mahamri nimeshaumua.