Meno ya Bibi Lydia wa Nkoaranga

Jumatatu, 17 Novemba
Hatimaye! Mwaka mzima katika kliniki hii ya meno hapa Themi na hakuna aliyeona kipaji changu. Kwenye kung'oa nilizimia. Damu ilizidi, si kosa langu. Mapokezi nikaondolewa kwa kuwaambia wagonjwa ukweli kwamba itauma. Sasa niko chumba cha meno ya bandia. Huu ndio wito wangu! Daktari Hedwiga kasema nafasi ya kudumu ni moja: mimi au Brayson, yule wa Moshono anayejipendekeza hadi kwa paka wa jirani. Nimepewa mtihani: meno manne ya mbele ya Bibi Lydia wa Nkoaranga. Anayataka kwa kipaimara cha mjukuu wake, Jumapili.

Jumatano, 19 Novemba
Nimechagua meupe kuliko yote kwenye sanduku letu la meno ya bandia. Yanawaka kama sahani mpya. Brayson kachungulia, kaniuliza kama huyo bibi anahamia Ulaya. Wivu!

Alhamisi, 20 Novemba
Bibi kajitazama kwenye kioo, kaguna. Eti, “Baba, haya ni ya nani?” Nikamwambia ni yake. Akasema kanywa maji ya Meru tangu azaliwe, na maji yetu hupaka meno kahawia. Ukoo mzima uko hivyo. Akicheka na haya kanisani watasema kaazima mdomo. Marehemu mumewe alimposa na kahawia yake, wala hakudai chenji! Daktari kaniambia nirekebishe. Brayson kajitolea kunisaidia. Sitaki.

Ijumaa, 21 Novemba
Sandukuni hakuna kahawia ya Meru. Brayson anadai kuna rangi maalumu kabatini, ya kuchanganya na kuoka taratibu. Siku nzima! Wengine tuna akili. Nimenunua dawa ya viatu ya kahawia, nikapaka, nikasugua kwa soksi (safi). Daktari kayaona kwa mbali, kasifu. Bibi kayavaa, kafurahi. Brayson kanusanusa. Pua ya umbea.

Jumapili, 23 Novemba
Nilialikwa Nkoaranga. Ibada nzima Bibi anatabasamu, na mimi najiita fundi. Nyumbani ikaletwa chai. Ya moto! Bibi akanywa, akamkumbatia Princess, mjukuu mwenyewe, akambusu begani. Gauni jeupe la kipaimara likapata mdomo wa kahawia. Shangazi wakapiga yowe. Bibi akatema, akanusa kikombe, akanigeukia: “Elihuruma! Umenivisha kiatu?” Meno yakawa meupe tena, na yote yananitazama. Nimeteremka mlima bila kuaga. Hata pilau sikuonja!

Jumatatu, 24 Novemba
Nafasi kapewa Brayson. Kaoka rangi yake, na leo Bibi kacheka hadi barabarani wamesikia. Mimi nimewekwa kuchemsha koleo za kung'olea meno. Daktari kaniagiza nitafakari kosa.
Nimetafakari. Kosa ni chai. Wangempa soda baridi, sasa hivi ningekuwa fundi.
Ila koleo hizi zinanikaa vizuri mkononi. Sasa naona wazi: wito wangu ni kung'oa. Kesho namwomba Daktari. Kuhusu damu, nitafumba macho.