Chupa Mbili za Padri

Redio ya Mama Hajara, muuza kahawa wa Bwera, ndiyo iliyowasha moto asubuhi ile. Ilisema watafiti waliochukua mkojo wa wapaka rangi za magari wamemaliza kupima, na majibu yanaletwa leo. Walikuwa wanatafuta jinsi kemikali zinavyokula mwili wa mtu kwa ndani, kama kutu inavyokula bati.

"Kutu!" Omara akagonga benchi. Zamani alikuwa jeshini, sasa anapaka rangi magari; kijiwe kinamwita Afande. "Mvua ya msituni haikunitia kutu. Nitatiwa na teksi?"

"Jeshini hata bunduki ilipakwa mafuta, Afande," Hajara akamjibu. "Wewe unapakwa nini?"

"Mimi nakunywa maziwa kila jioni," Swalik, mpaka rangi mwenzake, akadakia, kikombe mkononi. "Yanaosha rangi yote kifuani."

"Yanaosha? Mbona unapenga kamasi za bluu?"

"Hiyo teksi ya jana, Mama."

"Na juzi zilikuwa nyekundu. Wallahi niliziona!"

Kijiwe kikaangua kicheko. Swalik naye akacheka, ila jicho lake lilikuwa karakanani. Semakula, mwenye karakana wanayofanyia kazi, alishatangaza: atakayekutwa na kutu anaweka chini bomba la rangi, anahamia kuosha magari. Na Swalik hakujua kazi nyingine duniani. Ndiyo maana siku ya kupimwa alikwenda kimyakimya kwa Kataliko, Mkongo wa Butembo anayechoma nyama hapo pembeni. Kiongozi wa kwaya, hanywi, havuti. Kijiwe kinamwita Padri. Akamwomba amjazie chupa. Mkojo wa mcha Mungu, aliwaza, utakuwa safi kama maji ya mto Mubuku.

Bodaboda ikasimama, akashuka nesi Kobusingye na bahasha ya majibu.

"Swalik, Omara, njooni pembeni."

"Sema hapahapa, nyabo!" Omara akanguruma. "Jeshini hakuna pembeni."

"Haya. Majibu yenu mabaya sana. Halafu yamelingana mpaka nukta ya mwisho, kama mapacha."

Swalik akamgeukia Omara. Omara akatazama viatu vyake.

"Na wewe pia?" Swalik akanong'ona.

"Nyamaza! Hiyo siri ya kijeshi."

"Ajabu nyingine," nesi akaendelea, "dawa ya rangi haimo hata tone. Mkojo umejaa moshi. Moshi wa makaa, wa miaka mingi. Mwenye mkojo huu asipojikinga, kifua kitammaliza."

Kwenye jiko, Padri akakohoa juu ya mishikaki, kikohozi kilekile ambacho kijiwe hukiigiza kwa mizaha. Leo hakuna aliyekiigiza. Mlangoni mwa karakana Semakula alikuwa ametega masikio. Swalik akamsogelea nesi.

"Nesi, ule mkojo si wangu. Ni wa Padri."

"Na wangu wa Padri!" Omara akasimama wima kama anatoa ripoti.

"Astaghfirullah!" Hajara akashika kichwa. "Padri, ulikunywa mtungi gani wa kutosha wanaume wawili?"

"Bote beko bandugu yangu, Mama," Kataliko akajitetea. "Mutu akiomba kitu yenye iko nayo, nitamunyima?"

Semakula alicheka mpaka akashikilia mlango. "Kwa hiyo hamjapimwa! Nesi, watapimwa lini?"

"Hawapimwi tena. Watafiti wamefunga vyombo, wameondoka jana."

"Basi rudini kwenye rangi!"

Swalik akamshukuru Mungu kwa sauti. Bado alikuwa anashukuru, nesi alipotoa mkobani maski nzito ya mpira, yenye vichujio viwili, aina ileile ambayo Swalik amekuwa akimlilia Semakula tangu Idi.

"Mradi ulikuja na magari matatu na maski moja," nesi akasema. "Ni ya yule aliyeliwa zaidi." Akamvisha Kataliko.

Kabla ya adhuhuri Swalik alikuwa amerudi kwenye jiko, macho mekundu, leso imegeuka kijani.

"Padri, ndugu yangu wa damu. Niazime hiyo maski, nipake mlango mmoja tu."

Kataliko akapepea makaa bila haraka. Sauti ikatoka ndani ya mpira, nzito kama ya mimbarini:

"Rudisha kwanza mukojo yangu."